Kapeti ya Damu ya Mzee

Harufu ya kapeti mpya ni ya gundi na plastiki, na chini yake kuna kitu kitamu kidogo, kama peremende iliyosahaulika mfukoni mwa koti. Juzi ilinikuta katika duka moja mjini Bungoma, nilikokwenda kutafuta kitu cha kutandika sebuleni, maana nyumba niliyopanga ina sakafu ya saruji inayouma nyayo asubuhi. Mwuzaji, kijana mwenye maneno mengi, aliliangusha robota la kapeti mbele yangu, akalisukuma kwa mguu likajikunjua lenyewe.

"Hii ni nailoni, madam. Gusa. Haiozi, mende hawaili, rangi haipauki haraka. Mtoto akimwaga chai unapangusa tu."

"Na ubaya wake?"

Akacheka. "Sasa wewe unanunua ama unapeleleza? Ubaya ni moto. Kaa likianguka hapo, inayeyuka kama mshumaa. Na maji yakiingia chini, bana, hapo sasa utajua hujui."

Nilitoka bila kununua. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimekaza meno, na nilipofika mlangoni ndipo nilipotambua kilichokuwa kimenikaa kifuani. Wengine harufu za utotoni huwarudishia utamu. Mimi hiyo ilinirudishia wivu, mzima, mbichi, wenye rangi yake yote.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa huku mnaijua nyumba ninayotaka kuisimulia. Ilikuwa ya udongo, yenye paa la mabati, ikitazamana na shamba letu la miwa pale Kabuchai. Ilikuwa nyumba ya Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, na mimi nililala humo tangu nilipoachishwa kitanda cha mama. Sakafu yake ilisiribwa na mama yangu. Kila baada ya muda alikusanya mavi mabichi ya ng'ombe, akayachanganya na majivu na udongo laini wa mtoni, akapiga magoti, akaupaka mchanganyiko huo kwa kiganja kuanzia ukuta wa mbali akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Vidole vyake viliacha mistari ya nusu duara, mmoja ndani ya mwingine, kama mawimbi madogo. Sakafu ikikauka ilikuwa na harufu ya nyasi na mvua. Wanawake waliopita walichungulia wakasema, "Mama Nafula, wewe una mkono." Mama alijifanya hajasikia, lakini siku hiyo mboga ilitiwa maziwa.

Nafula ni mimi. Na katika nyumba hiyo nilikuwa na kitu ambacho watoto wengine hawakuwa nacho: mgongo wa Kukhu. Nililala nimeubandika tumbo langu, nikisikia pumzi zake zikiingia na kutoka, na niliamini, jinsi mtoto anavyoamini kwamba mto ulio nyuma ya kwao ni wao, kwamba Kukhu alikuwa wangu.

Kisha magoti yake yakaanza kukataa. Asubuhi za baridi alikaa ukingoni mwa kitanda, akiyasugua, akiyasemesha kama punda wakaidi. Sakafu nzuri ya mama yangu ilikuwa na kasoro moja ambayo hakuna mkono ungeweza kuiondoa: ilivuta unyevu kutoka ardhini na kuupandisha kwenye nyayo zake. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuja kutoka Kitale alikofanya kazi kwenye ghala la mahindi. Alikaa na chai mkononi, akasema polepole, akimtazama mama yangu zaidi ya baba:

"Shemeji, si ati hamumtunzi. Lakini kwangu kuna kapeti. Imefika kila kona, hata chini ya meza. Mama atakuwa anakanyaga joto. Akae wiki chache tu, hospitali pia iko karibu."

Sikuwa nimeisikia kapeti kabla ya siku hiyo. Nilidhani ni aina ya majani yanayopandwa ndani ya nyumba, na nikamwonea huruma Kukhu kwamba angelala kichakani. Mama yangu aliinuka akaenda kufunga vitu vya Kukhu katika leso, na mwisho akachukua ufagio wa nyasi uliokuwa umeegemea ukuta, akaufunga kamba juu ya mzigo.

Zile wiki chache zilipita, zikapita nyingine. Mahindi yalivunwa, Krismasi ikaja, na Kukhu hakurudi. Alituma salamu kwamba magoti yake yanaendelea vizuri. Nililala peke yangu katika kitanda chake kikubwa. Likizo hiyo nikanung'unika hadi mama akachoka, wakakubaliana niende Kitale nikamwone. Asubuhi ya kuondoka, mama alinifunga kitambaa kichwani akanishika mabega.

"Kaa vizuri kwa watu. Shule zikikaribia kufunguliwa nitakuja kuwachukua. Nitarudi na nyinyi wawili."

Wawili. Nililibeba neno hilo hadi Kitale kama yai.

Nyumba ya baba mdogo ilikuwa ya mawe, katika mtaa wenye mikaratusi. Mlango ulipofunguliwa, kabla sijaona mtu, niliiona kapeti. Ilikuwa rangi ya damu ya mzee, nzito, iliyokolea, na kweli ilifika kila kona. Haikuwa na mwanzo wala mwisho. Baba mdogo alikuwa ameikata mwenyewe kwa kisu cha fundi viatu ili ikumbatie miguu ya ukuta. Na katikati yake, kitini, miguu yake mikavu yenye nyufa ikiwa imezama ndani ya hizo nyuzi, alikuwa ameketi Kukhu. Pembeni ya miguu hiyo, amelala kifudifudi akila ndizi, alikuwa Sharon, binti wa baba mdogo, wa umri wangu.

"Viatu!" alisema Sharon kabla ya kunisalimia. "Toa viatu. Na upanguse miguu, hapa si rizavu kwenu mashambani."

"Nafula wangu!" Kukhu alinyoosha mikono. "Njoo. Weka mguu hapa kwanza. Si ni kama kukanyaga kondoo?"

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mfungwa. Nilikuwa nimemwona akilini akiwa amekondeana, akiniuliza habari za nyumbani kwa machozi. Badala yake alikuwa amenawiri. Alikunja na kukunjua vidole vya miguu katika kapeti, akicheka kama msichana. Aliipenda. Hilo ndilo lililoniuma, na bado nikiwa mtu mzima najua mahali hasa liliponiuma, hapa chini ya mbavu.

Kwa hiyo niliichukia kapeti kwa niaba yetu sote, nikaanza kuitafutia makosa kwa bidii ambayo sijawahi kuipeleka shuleni. Nyuzi zake ziliwasha magoti yangu nilipokaa chini. Ilibeba nywele, makombo, kucha zilizokatwa, ikavificha vyote ndani kama mtoto mwenye mashavu yaliyojaa. Nilipata chini ya kigoda doa gumu jeusi, kubwa kama kifungo cha koti, mahali ambapo kaa liliruka kutoka kwenye pasi. Baba mdogo alikuwa amekiweka kigoda hapo makusudi, na alipoona nimekisogeza alikirudisha bila neno. Lakini pia, na hili sikutaka kuliona, asubuhi ya Kitale inaweza kuwa na baridi ya kukata masikio, na katika sebule hiyo mtu aliweza kutembea pekupeku bila kukunja uso. Sharon alimwaga uji wa wimbi siku ya pili tu. Mama mdogo, yaani mama yake, aliupangusa kwa kitambaa na sabuni ya unga, na kapeti ikabaki vile vile, haina kumbukumbu. Kwetu uji huo ungekuwa doa hadi mama asiribe tena.

Mama mdogo hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alizaliwa kijijini Kwanza, mashambani nje ya Kitale, katika nyumba kama yetu, na aliuza nguo sokoni kuanzia asubuhi hadi jioni. Kila Jumamosi alipiga magoti na brashi, akaisugua kapeti kipande baada ya kipande, na nikimtazama kwa nyuma ningeweza kuapa ni mama yangu akisiriba. Niliona hivyo wakati huo pia, nikaufukuza upesi mfanano huo.

Kukhu alilala chumbani kwa Sharon. Mimi nililala sebuleni, nimetandikiwa blanketi juu ya kapeti, maana walisema kapeti yenyewe ni godoro. Jioni nilisikia kupitia mlango Kukhu akimsimulia Sharon hadithi kwa Kibukusu, hadithi zangu, na Sharon, ambaye hakukisikia Kibukusu vizuri, akimkatiza kwa Kiswahili: "Ati fisi alifanya nini?" Alikuwa amepewa kitu kizuri na hata hajui kukishika.

Na hapo ndipo kapeti ilipoanza kuniuma.

Mara ya kwanza nilikuwa naenda chooni. Nilinyoosha mkono kushika kishikio cha chuma cha mlango, na kabla sijakifikia ikaruka cheche, tak, katika ncha ya kidole changu. Nilipiga kelele. Mara ya pili ilikuwa kioo cha televisheni. Mara ya tatu, mbaya kuliko zote, nilimgusa Sharon shavuni kumtolea unyoya, na cheche ikaruka kati yetu tukaisikia wote wawili.

"Wee!" Sharon alirudi nyuma akishika shavu. "Mbona unaniuma? Sisi haitufanyi hivyo. Kapeti imekujua wewe ni mgeni."

Leo naelewa, na jambo lenyewe ni dogo. Kilikuwa kiangazi, hewa kavu. Nilikuwa nimevalishwa sweta kuukuu la nailoni la Sharon. Na wakati wao walinyanyua miguu kama watu walio kwao, mimi nilitembea nikiburuta nyayo, kwa woga wa kuikanyaga kapeti vibaya. Nyuzi za kiwandani zikisuguliwa hivyo hukusanya umeme mdogo, na umeme huo humruka anayegusa chuma. Lakini mwalimu wetu wa shule ya Jumapili kule Kabuchai alikuwa ametufundisha kwamba wivu ni moto. Unawaka ndani ya mtu polepole, na siku moja unatokea nje watu wote wakauona. Nikajua kwamba siku hiyo ilikuwa imefika. Wivu wangu ulikuwa umejaa hadi vidoleni. Kapeti ilikuwa imeuona, na ilikuwa inanichongea.

Nilianza kutembea na mikono kwapani. Nilikataa kushika mkono wa mtu. Kukhu aliponiita nikae karibu naye, nilikaa mbali, nikiogopa nisije nikamchoma na akajua nilivyomwonea Sharon wivu kwa kulala chumba kimoja naye. Kwa hiyo Sharon ndiye aliyekaa karibu, na wivu ukazidi, na cheche zikazidi.

Kisha ikaja ile asubuhi. Baba mdogo alikuwa ameshakwenda ghalani, mama mdogo sokoni, Sharon bado amelala. Kukhu alitoka chumbani akiwa na ufagio wake wa nyasi na kikombe cha bati chenye maji.

"Kunja blanketi yako," alininong'oneza. "Polepole. Tusimwamshe Sharon."

Akachovya vidole kikombeni, akaanza kunyunyizia kapeti. Alianzia ukuta wa mbali akirudi nyuma, matone yakiruka kama mtama unaomwagiwa kuku, huku akivuma wimbo wa kanisani puani. Nyumbani alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kufagia, ili vumbi lilale. Lakini hapa sikuona vumbi lolote. Kapeti ilikuwa safi, nyekundu, nene. Kwa hiyo nilijua kwamba maji haya yalikuwa na kazi nyingine. Alipomaliza kufagia, nilivuka sebule nikaenda kugusa kishikio cha mlango, nimefumba macho.

Hakikuniuma.

Nilikigusa tena. Kilikuwa chuma cha kawaida, baridi, kimya. Niligeuka nikamtazama Kukhu akirudisha ufagio mahali pake, na nikaelewa yote, au hivyo nilidhani. Alikuwa ameniona. Alikuwa amejua nina moto, na hakunikemea wala kunisema; alikuwa anauzima kwa maji, kwa siri, kabla ya watu kuamka, kwa ajili yangu mimi. Sharon hakujua. Furaha niliyoipata ilikuwa kali, na ilikuwa imetengenezwa kwa wivu mtupu, lakini ilikuwa furaha.

Tulifanya hivyo kila asubuhi. Nilimshikia kikombe. Hatukusema kitu, na mimi nilidhani ukimya huo ni ahadi.

Sasa, kile mwuzaji anachokiita uzuri wa nailoni, kwamba haiyanywi maji, ndicho pia ubaya wake. Kufikia mchana juu pamekauka kabisa, hakuna mtu angeshuku. Maji yalikuwa yamepita kati ya nyuzi, yakashuka kwenye sponji iliyotandikwa chini, na huko hakuna jua wala upepo. Ikaanza harufu. Kwanza ilikuwa kama soksi, kisha kama gunia la mahindi yaliyoanikwa vibaya. Mama mdogo aliporudi jioni alisimama mlangoni akinusa. Alifungua madirisha. Alinyunyiza manukato. Jioni moja alivua leso mabegani, akapiga magoti, akatambaa akinusa kapeti kama mtu anayetafuta sindano, na akaishia pale pembeni nilipokuwa nikilala. Akabonyeza kwa kiganja. Chini palilia chwii.

"Nafula," alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko makofi. "Si uniambie tu ukweli, mama. Unakojoa?"

"Sikojoi, mama mdogo."

"Sasa hii ni nini?"

"Kikojozi!" Sharon alijifunika mdomo kwa furaha. "Haki ya Mungu, kikojozi! Na vile ni mkubwa!"

Kukhu alikuwa nje nyuma ya nyumba, akichambua maharagwe na jirani. Nilimsikia akicheka. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na nilijua vizuri ingefanya nini. Mama mdogo aliipenda kapeti yake kuliko kitu chochote katika nyumba hiyo. Ningesema ni Kukhu anayeimwagia maji, wangekosana, na mama yangu akija angemchukua Kukhu tukarudi wawili kama alivyoahidi. Yote niliyoyataka yalikuwa nyuma ya meno yangu.

Nilinyamaza. Watu niliowahi kuwasimulia kisa hiki huniambia nilikuwa mtoto mwema. Hapana. Ningesema, Sharon angejua kuhusu asubuhi zetu, kuhusu kikombe na maji. Angeamka mapema kesho yake naye atake kukishika. Hicho ndicho kitu pekee cha Kukhu kilichobakia kuwa changu, na ilikuwa afadhali niitwe kikojozi kuliko kukigawa.

Tangu siku hiyo nilitandikiwa karatasi ya nailoni chini ya blanketi. Ilinguruma nilipojigeuza, na chumbani Sharon alikohoa kicheko.

Mama alifika siku ya Jumamosi, akiwa na kuku miguu imefungwa na mfuko wa viazi vitamu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alisimama kwenye kizingiti cha saruji cha mlango, nje kidogo ya kapeti, na hakuvua viatu.

"Ingia, Mama Nafula, ingia ukae," alisema mama mdogo. "Toa tu viatu hapo."

"Hapa panatosha. Sikai sana."

Alisema hivyo huku akiitazama kapeti. Aliitazama kuanzia mlangoni hadi ukutani, kona hadi kona, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine, na uso wake ukafungwa.

Chai ililetwa, akainywa akiwa amesimama. Mama mdogo, labda kwa kuona aibu ya harufu, labda kwa kutaka kumaliza, akasema, "Sitaki kuficha kitu. Huyu mtoto bado anakojoa. Sio vibaya, ni utoto, lakini kapeti imeharibika."

Mama aliweka kikombe chini. "Nafula?"

Nikaficha mikono kwapani, na mama akamgeukia mama mdogo.

"Huyu analala na Kukhu wake tangu akiwa mdogo. Hajawahi."

"Nani anakojoa?" Kukhu, ambaye masikio yake yalichagua ya kusikia, aliinua kichwa kutoka kitini.

"Nafula, mama," alisema mama mdogo. "Si unusie hata wewe."

Baba mdogo, mtu mpole asiyependa kelele, aliinuka. Alisogeza kochi, akashika kona ya kapeti karibu na televisheni, mbali kabisa na mahali pangu pa kulala, akaivuta. Ilitoka ukutani kwa sauti ya kitu kinachopasuka. Sponji ya chini ilikuwa imelowa na kuota madoa meusi. Akaenda kona ya pili. Kumelowa. Akabonyeza katikati kwa mguu, maji yakalia.

"Basi huyu mtoto ana tangi," alisema. "Hata ng'ombe hawezi."

Kukhu akapiga paja lake.

"Hayo si ni maji yangu!"

"Maji yako, mama?" Mama mdogo alishika kiuno.

"Ya kufagia! Sasa mlitaka nifagie bila maji, vumbi ipande kwa pua? Nyinyi mnaona ati hii kitu ni safi. Vumbi imejificha humo ndani kama chawa kwa nywele. Tangu magoti yapate nguvu, kila asubuhi nanyunyiza, nafagia. Mnakuta nyumba safi, mnasema asante?"

Baba mdogo alianza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Hata mama mdogo alikaa kwenye mkono wa kochi akajifunika uso, mabega yakitikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa namtazama Kukhu.

"Kukhu," nilisema, "si ulikuwa unazima ule moto?"

"Moto gani?"

"Ule wa kwa vidole. Wa kapeti."

Alinitazama kwa macho yake mazuri yaliyoanza kuingia ukungu, na yalikuwa matupu kabisa. Hakujua. Hakuwa amewahi kuniona nikirukwa na cheche hata mara moja. Alikuwa anafagia tu, kama alivyofagia maisha yake yote, na mimi nilikuwa mtoto aliyeshika kikombe.

"Huyu amechoka," alisema Kukhu. "Mpeni chai."

Mama mdogo aliinuka, akapita mbele ya Sharon bila kumwangalia, akainama kwangu. "Pole, mama," akasema. "Nilikukosea." Kosa lake lilikuwa dogo kuliko kile kilichokuwa kimenipata muda huo huo.

Ndipo mama yangu alipolisema alilokuja kulisema. "Mama, nimekuja kuwachukua. Nyumba yako nimeisiriba juzi, imekauka vizuri. Hapa maji yako yanaharibia watu kapeti. Twende nyumbani."

Sharon alikuwa amesogea miguuni pa Kukhu, mgongo wake ukiegemea magoti yale yale yaliyokuwa yakikataa.

Kukhu alijibu kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, kwa mama yangu peke yake. Alisema hakuna mkono kama wa mama yangu Kabuchai nzima, na kwamba sakafu ile ameipenda tangu mama alipoolewa. "Lakini hapa, asubuhi, nasimama bila kushika ukuta," alisema. "Mwanangu, nasimama."

Mama aliinama akafungua kamba za viatu vyake. Nilidhani anataka kumfuata Kukhu pale kitini amwinue kwa nguvu. Alivua kiatu kimoja, kisha kingine, akaviweka sambamba pembeni ya mlango, akapiga hatua kuingia kwenye kapeti. Akasimama. Visigino vyake vilikuwa na nyufa nyembamba, na kwenye nyufa hizo udongo uliokataa kutoka hata siku ya gauni la kanisani. Nilimwona akivikunja vidole vya miguu taratibu ndani ya nyuzi hizo nyekundu, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Uso wake nilikuwa naujua. Nilikuwa nimeuvaa likizo nzima.

"Ni laini," alisema, bila kumtazama mtu.

Kuku aliyefungwa alipapatika jikoni.

"Basi mama akae," alisema mama yangu, sasa akimgeukia mama mdogo. "Muianike hii kitu kwa jua, na mumwonyeshe vile inafagiwa. Akae. Lakini huyu wangu narudi naye."

Akanishika kifundo cha mkono. Hatukungoja chakula. Nilimuaga Kukhu, akanipaka mate kidogo kwenye paji la uso kunibariki, kisha mkono huo huo ukashuka ukatulia juu ya kichwa cha Sharon, na wivu ukanipanda upya hadi kooni. Nilitembea nao hadi langoni, ukubwa wake wote. Lakini mama alikuwa amenibana kwa nguvu hadi mkono ukawa unauma, na sikutaka aulegeze.